Kifyonzavumbi kwa nyumba za Goma: cha mfuko, cha tangi, cha betri au cha pipa?

Anayehamia Goma kutoka Kindu au Kisangani hugundua ndani ya wiki ya kwanza kwamba vumbi la hapa si lile alilolizoea. Udongo wa kwao ukiusugua kati ya vidole huwa laini na kuacha rangi nyekundu, lakini vumbi la Goma hukwaruza ngozi, na ukilikanyaga juu ya vigae hulia kama chumvi ya mawe. Hilo ni jiwe. Lava iliyoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo mwezi Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, pamoja na ile ya milipuko iliyotangulia, ndiyo tuliyoichonga kwa misingi ya nyumba, ndiyo tuliyoimwaga barabarani, na ndiyo inayosagwa kila siku na magari, pikipiki na chukudu, vile vyombo vya mbao vya kusukuma mizigo, mpaka inakuwa unga wa kijivu unaopenya hata ndani ya kabati lililofungwa. Mashine yoyote ya kufyonza vumbi utakayoinunua katika mji huu itakuwa inakula mawe, wakati maelezo ya kwenye boksi lake yameandikwa kwa ajili ya nyumba ambazo vumbi lake ni nyuzi za nguo, nywele za paka na makombo ya mkate.

Majirani kadhaa wamenunua kifyonzavumbi, au aspirateri kama kinavyoitwa madukani, kwa kuangalia wati na rangi, na baada ya miezi michache kikawekwa juu ya kabati kwa sababu hakivuti tena au kinanuka kuungua. Kwa maoni yangu kosa huwa ni lilelile: mtu huuliza mashine ina nguvu kiasi gani, wakati alipaswa kuuliza kwanza vumbi likishaingia linakaa wapi, linatolewa vipi, na hewa inayotoka nyuma ya mashine imebaki na nini. Katika ulinganisho huu nitakaa zaidi kwenye maswali hayo.

Niseme mapema kwamba si kila nyumba inahitaji mashine. Nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe, yenye sakafu ya saruji na mianya kati ya ubao na ubao, itapokea vumbi jipya saa ileile uliyomaliza kulifyonza la zamani, na fedha hiyo ingefaa zaidi kuziba mianya na kuweka mlango unaofunga vizuri. Hapo ufagio na kitambaa chenye unyevu vinatosha, mradi maji yanyunyizwe kabla ya kufagia, jinsi mama zetu walivyotufundisha, maana ufagio mkavu huinua chembe ndogo zinazobaki zikielea hewani kwa muda mrefu, na ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mashine inaanza kuwa na maana pale penye vitu ambavyo kitambaa hakiviwezi: zulia, makochi ya kitambaa, magodoro, mapazia mazito na viti vya gari. Kwenye zulia hasa, ufagio huondoa kinachoonekana na kukizamisha kingine. Mwaka jana nililifagia zulia letu la sebuleni asubuhi kwa uangalifu wote, kisha mchana wa siku hiyohiyo nikaazima mashine ya jirani. Zulia hilo la mita mbili kwa tatu likatoa mchanga wa kijivu uliojaza kikombe cha chai, na chembe hizo zenye ncha ndizo zilizokuwa zikikata nyuzi zake kutoka chini kila tulipolikanyaga.

Mfuko au tangi

Chaguo la kwanza ni kati ya mashine inayokusanya vumbi ndani ya mfuko na ile inayolikusanya ndani ya tangi la plastiki unaloweza kuliona kwa nje. Ya tangi huzungusha hewa kwa kasi kama kimbunga, chembe nzito zikatupwa pembeni na kuanguka chini, na hewa ikaendelea hadi kwenye kichujio. Madukani ndiyo inayosifiwa zaidi, kwa hoja ambayo ina uzito wake hapa kwetu, kwamba hakuna mifuko ya kununua. "Mama, hii unamwaga tu, hautatoa tena hata faranga moja," ndivyo muuzaji alivyoniambia, na kwa vumbi la nyuzi na makombo maneno yake ni ya kweli. Kwa vumbi letu, kimbunga hukamata mchanga vizuri, lakini ule unga mwembamba kama poda ya mtoto hupita na kwenda kuziba kichujio, ambacho itabidi kioshwe mara nyingi zaidi kuliko kijitabu cha maelekezo kinavyosema, na kikishaoshwa watengenezaji wengi hutaka kikaushwe kwa angalau saa 24. Katika mji ulio mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye ubaridi na mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka, saa hizo hazitoshi. Mimi ningehesabu siku mbili, na mvua za Novemba zikikaza siku tatu. Anayekosa subira akakirudisha kikiwa na unyevu hupata tope ndani ya kichujio, uvundo ndani ya nyumba, na mota inayopumua kwa shida.

Halafu kuna kumwaga kwenyewe. Nilimwangalia mdogo wangu wa kike akifungua tangi lake uani, mtaani Himbi, jioni ambayo upepo ulikuwa unatoka ziwani. Alibonyeza kitufe, kifuniko cha chini kikaachia, na kabla mchanga haujatua kwenye mfuko wa taka, wingu la kijivu lilikuwa limeshampanda hadi kwenye nyusi na kuzifikia nguo zilizokuwa kwenye kamba. Aliziba pua kwa mkono wa sweta, akageuka pembeni, akakohoa. Sehemu ya vumbi alilolitoa nyumbani ilirudi ndani pamoja na nguo hizo. Tangi lenyewe, ambalo lilinunuliwa likiwa angavu kama glasi, lilikuwa limefifia upande mmoja, palepale ambapo chembe hugonga zikiingia, mfano wa plastiki iliyopigwa msasa. Ukiliona hilo huna haja ya kuelezwa kinachoipata mota ya mashine ambayo kichujio chake kina ufa au kimewekwa kikiwa kimekaa upande.

Mashine ya mfuko hufanya kazi kwa njia ya zamani, yaani hewa hupita kwenye kuta za mfuko, na mfuko ndio kichujio cha kwanza kabla ya kile cha mota. Ukijaa, unauziba mdomo wake na kuutupa mzima bila kuyagusa yaliyomo. Kwa Goma naona hii ndiyo bora, ila ina masharti yake. Mfuko wa karatasi huzibwa na unga mwembamba kabla haujafika hata nusu, kwa sababu matundu yake ni machache na yako juu juu, na hapo utadhani mashine imekufa kumbe ni mfuko tu uliokosa pumzi. Mfuko wa kitambaa cha sintetiki chenye tabaka kadhaa hustahimili zaidi. Udhaifu huu wa mifuko ulifika hadi mahakamani. Mwezi Novemba 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni ya lebo za nishati za vifyonzavumbi, baada ya kampuni ya Dyson, inayojulikana kwa mashine zake za tangi, kulalamika kwamba vipimo vilikuwa vinafanywa mashine ikiwa tupu, jambo ambalo halionyeshi nguvu inavyopungua kadiri vumbi linavyojaa. Malalamiko hayo yalikuwa na haki, nami siyapingi. Hata hivyo, mfuko uliozibwa unabadilishwa kwa dakika moja, ilhali kichujio kilichozibwa kinakuachia nyumba isiyosafishwa kwa siku mbili.

Shida halisi ya mifuko ni kuipata. Kila modeli ina mfuko wake wenye kadibodi ya umbo lake, na ukikosa wa kwako, wa jirani haukusaidii. Wapo wanaopasua mfuko wa karatasi upande wa chini, kuumwaga na kuubana tena kwa pini, bila kujua kwamba matundu yalishazibwa na kwamba mfuko huo sasa unavuja hapo pa pini. Wapo pia wanaonunua mfuko wa kitambaa wenye zipu ili wautumie mwaka mzima, na hao wamechukua ubaya wa pande zote mbili: wanalipia mashine ya mfuko, kisha wanalivuta wingu lilelile la tangi kila wanapoufungua. Njia niliyoiona ikifaa ni kuagiza mifuko kumi au zaidi siku ileile unayonunua mashine, kupitia wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Kigali, Kampala au Dubai, na kama muuzaji hawezi kukuonyesha hata mmoja wa akiba, basi mashine hiyo iache dukani.

Wati zilizoandikwa ubavuni

Kwenye okazi, yaani bidhaa zilizokwisha kutumika, zinazotoka Ulaya utakuta mashine ya zamani iliyoandikwa wati 2,000 au 2,200 ikiwa kando ya mpya zaidi iliyoandikwa 800, na karibu kila mnunuzi huinyooshea mkono ile ya kwanza. Wati hizo ni umeme unaoliwa na mota, si nguvu inayofika kwenye mdomo wa bomba. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, kisha wati 900 kuanzia Septemba 2017, na watengenezaji wakalazimika kuboresha mota, njia za hewa na midomo ya kufyonzea hadi mashine ya wati 800 ikaweza kusafisha sawa na ile iliyokula mara mbili yake. Unaponunua okazi ya Ulaya, wati chache zinaweza kuwa dalili ya mashine iliyotengenezwa miaka ya karibuni, na hiyo ni sifa.

Urefu wa mji wetu nao una sehemu yake katika hesabu. Hewa ya Goma ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya pwani, na kwa kuwa mashine hizi huvuta kwa kusukuma hewa tu, uvutaji wake hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mashine ambayo tayari ni dhaifu kwenye karatasi itakuwa dhaifu zaidi hapa. Hiyo ndiyo sababu sipendekezi vile vidude vya mkononi vya bei ndogo vya kuchomeka kwenye gari, isipokuwa kwa makombo ya kiti.

Waya au betri, na umeme ulionao

Umeme wa Goma unatoka mto Ruzizi kupitia SNEL, shirika la umeme la taifa, au kwenye vituo vya umeme wa maji vya kampuni ya Virunga Energies kama Matebe, lakini kwa mnunuzi wa mashine swali la kujiuliza ni volti ngapi zinafika kwenye soketi ya sebuleni. Nyumba iliyovutiwa umeme kwa waya mwembamba na mrefu kutoka kwa jirani inaweza kuwasha taa vizuri, kisha volti zikaanguka mara mota ya wati 1,400 inapoanza kuzunguka. Mota ya kifyonzavumbi cha waya haiharibiwi na volti pungufu kwa wepesi kama friji, ila huzunguka polepole na kuvuta kidogo, na vifaa vya elektroniki vya kurekebisha kasi ndivyo vinavyoumia umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Anayetegemea jenereta ndogo inayouzwa kama ya wati 950 asijaribu kabisa mashine ya wati 1,400, kwa sababu mota hizi hudai umeme mwingi zaidi zinapowashwa, na jenereta yenyewe hupoteza sehemu ya nguvu zake katika urefu huu.

Jihadhari pia na mashine zinazouzwa na wageni wa mashirika wanaporudi makwao. Nyingine zimetoka Marekani na zimetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 mota huzunguka kwa kelele ya ajabu kwa sekunde chache, kisha moshi. Soma kibati kilicho chini ya mashine, si boksi, maana maboksi hubadilishana.

Mashine ya betri ina heshima yake hapa. Betri ya kawaida ya volti 21.6 na ampea-saa 2.5 hubeba wati-saa 54 tu, wakati mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi dakika ishirini hula karibu wati-saa 470. Maana yake ni kwamba ya betri unaweza kuichaji kwa mfumo mdogo wa sola au umeme unaporudi usiku, na chaja nyingi za kisasa hupokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme unaoyumba hauzisumbui sana. Lakini wati-saa 54 haziwezi kufanya kazi ya 470. Kwenye kasi ya juu, ile inayohitajika kwa zulia, utapata dakika kama kumi au pungufu, na kibuyu chake cha vumbi hakifiki lita moja, tena ni tangi dogo lenye shida zote nilizozieleza, pamoja na brashi inayozunguka ambayo juu ya vigae hurusha mchanga huku na huko kabla ya kuuvuta. Kwa nyumba ya vyumba viwili yenye vigae na watu wachache ni chaguo zuri. Kwa familia ya watu wanane yenye mazulia matatu itakuwa ya kuchokesha, na betri ikichoka baada ya miaka michache, ya kuibadilisha haitapatikana kirahisi.

Mashine ya pipa

Hii ndiyo ambayo watu wa nyumbani huipita wakidhani ni ya gereji: pipa la lita 15 au 20 lenye magurudumu, mota juu yake, na bomba nene linalovuta vumbi na maji pia. Naitetea kwa dhati. Mvua kubwa inapoingiza tope chini ya mlango, huvuta tope hilo, mradi umebadilisha kichujio kwanza na kuweka kile cha sponji. Bomba lake pana halizibwi na kokoto, na modeli nyingi zinakubali mfuko wa sintetiki ndani ya pipa, jambo ambalo kwa vumbi la volkano silihesabu kuwa la hiari, kwa sababu bila mfuko kichujio chake cha mikunjo hujaa unga ndani ya siku moja. Mifuko yake ni mikubwa, hivyo hubadilishwa kwa nadra. Ubaya wake ni kelele inayozima mazungumzo, ukubwa wake chumbani, na hewa ya nyuma ambayo katika modeli za bei nafuu haichujwi vya kutosha. Kwa nyumba yenye duka au karakana mbele, au yenye gari, sioni inayoizidi kwa bei yake.

Za kuchujia kwa maji na za roboti nitazipita haraka. Ya maji huzamisha vumbi kwenye lita kadhaa za maji ambayo lazima yamwagwe mara baada ya kazi, na katika mitaa ambayo bidoni ya lita ishirini hubebwa kichwani kutoka ziwani siwezi kuipendekeza. Roboti haivuki vizingiti vya nyumba zetu, na magurudumu yake hayakutengenezwa kwa mchanga wa aina hii.

Palipo na mtu mwenye pumu

Hapa mizani inabadilika, na ningeomba nyumba yenye mtoto wa pumu isibane fedha kwenye jambo hili kama inaweza kuliepuka. Kichujio cha HEPA, yaani cha kunasa chembe ndogo sana, cha daraja la H13 kwa kipimo cha Ulaya hukamata angalau asilimia 99.95 ya zile chembe ambazo ni ngumu zaidi kukamatwa. Lakini kichujio hicho hakina faida kama hewa inavuja pembeni kabla ya kukifikia. Mashine nyingi huandikwa HEPA kwa sababu tu zina kipande cha kichujio hicho nyuma, huku mpira wa kifuniko ukiwa mwembamba kiasi kwamba unga unatoka kwenye maungio. Jaribio lake ni rahisi: subiri giza liingie, washa mashine ikiwa inafyonza zulia lenye vumbi, kisha mwombe mwenzako ashike tochi kando ya maungio na tundu la kutolea hewa. Ukiona chembe zikicheza kwenye mwanga, mgonjwa asikae kwenye chumba hicho. Kwa nyumba kama hiyo ningechagua cha mfuko wa sintetiki chenye kifuniko cha mpira mnene, na mwenye pumu awe nje wakati wa kazi hata hivyo.

Dukani, kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe na uzibe mdomo wa bomba kwa kiganja: mota inapaswa kubadili sauti na kupanda, na mkono ubanwe kwa nguvu. Kisha fungua kifuniko, pitisha kidole kwenye mpira wake wote, utafute ufa au sehemu iliyokauka. Kwa okazi, nusa hewa ya nyuma na uangalie kwenye matundu ya mota. Cheche nyingi za buluu humaanisha makaa yake, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota, yamekwisha, na fundi anaweza kuyabadilisha kwa gharama ndogo, hivyo ni sababu ya kupunguziwa bei zaidi kuliko ya kuondoka.

Sisi nyumbani tulichukua cha mfuko, wati 800, kilichotumika Ubelgiji, pamoja na mifuko kumi na miwili iliyokuja wiki tatu baadaye kutoka Kigali. Kwenye kila mfuko mpya naandika tarehe kwa kalamu kabla ya kuuingiza. Uliopita ulidumu wiki nane katika msimu wa mvua. Huu wa sasa tuliuweka kiangazi kilipoanza, na katika wiki ya tano taa nyekundu imeshawaka.